Kamera ‘Imeanguka’ au Umeiangusha?

Mwanafunzi anaporejesha kamera aliyoiazima idarani na kutamka kwamba “imeanguka”, mimi kama mwanaisimu husikia mengi katika kitenzi hicho kimoja. Hakusema “nimeiangusha”. Kiambishi cha nafsi ya kwanza kimetoweka, na kauli ya kutendesha imetoweka pamoja nacho. Kamera imejitupa chini kwa hiari yake, naye alikuwa shahidi tu. Nimewacheka wanafunzi wangu miaka mingi kwa sarufi hiyo ya woga, hadi siku niliyoitumia mimi mwenyewe.

Ilikuwa Agosti 2018, mjini Lamu. Bibi mmoja mwenye umri mkubwa alikuwa amekubali kunifungulia sanduku la marehemu mumewe, lililokuwa na kitabu cha tenzi kilichoandikwa kwa mkono kwa hati za Kiarabu. Aliniruhusu siku moja. Ngazi za nyumba zile kongwe za mawe ya matumbawe ni nyembamba na zimeinuka mno, nami nilikuwa nikipanda na mkoba begani na kamera mkononi. Ikanichopoka, ikagonga vidato vitatu na kutua sakafuni.

“Kuna nini, mwanangu?” Bibi akauliza kutoka juu.

“Kamera imeanguka, Bibi.”

“Pole. Imevunjika?”

Nikaiwasha, nikabonyeza, ikalia. “La, Bibi, ni nzima.”

Hilo la pili lilikuwa kosa kubwa kuliko la kwanza. Kuanguka ni ajali, lakini kutangaza kwamba chombo ni kizima kwa sababu tu kimelia ni uvivu. Nilipiga picha kurasa 112 siku ile. Niliporejea Nairobi na kuzitazama katika kioo kikubwa cha kompyuta, katikati ya kila ukurasa wino ulikuwa mkali kama wembe, ila ukingo wa kulia ulikuwa ukungu mtupu. Na hati za Kiarabu, kama ajuavyo msomaji, huanzia kulia.

Asiyezoea hati hizo huenda akadhani ukungu kidogo si hasara. Lakini katika hati hizo herufi kadhaa huwa na umbo moja, na kinachozitenganisha ni nukta tu. B ina nukta moja chini. T ina mbili juu. N ina moja juu. Y ina mbili chini. Waandishi wa Kiswahili waliotaka kuitofautisha p na b waliiwekea nukta tatu chini. Ukiondoa nukta, “pata”, “bata” na “tata” ni neno moja. Kwa hiyo lenzi iliyokosa ukali upande mmoja ilikuwa imenifutia mwanzo wa kila mshororo.

Nilimpelekea fundi mmoja jijini. Akaigeuza, akaitikisa polepole karibu na sikio lake, kisha akasema, “Mwalimu, lenzi hii imeteguka.” Nilifurahi kusikia kitenzi hicho kuliko nilivyohuzunikia gharama. Lenzi haikuwa imevunjika wala kupasuka; kipande kimoja cha kioo ndani yake kilikuwa kimehama mahali pake kwa kadiri ya unywele, kama kifundo cha mguu kinavyoteguka bila mfupa kuvunjika. Wanaodai kwamba Kiswahili hakina maneno ya ufundi wangekaa na mafundi siku moja. (Na lenzi yenyewe, kwa wapendao asili ya maneno, ni adesi: Walatini waliita adesi “lens”, kwa kuwa kioo hicho kina umbo la punje yake, na Waarabu nao hukiita kwa jina la adesi iyo hiyo.)

Fundi yule alinifundisha mambo ambayo ningependa kila mwalimu mwenye kamera ya shule ayajue. Kwanza, usiiwashe papo hapo kama nilivyofanya mimi. Toa betri, ihifadhi kadi yenye picha, kisha tumia macho na masikio. Itikise taratibu. Mlio wa kitu kilicholegea ni dalili mbaya, ingawa zipo lenzi zenye kifaa cha kuzuia mtikisiko ambazo hugongagonga kidogo ndani hata zikiwa nzima; ndiyo maana yafaa uujue mlio wa kamera yako kabla haijaanguka. Ikiwa kichujio cha mbele kimepasuka, ielekeze lenzi chini unapokifungua, chembe za kioo zidondoke nje badala ya kukwaruza kioo cha lenzi. Zungusha pete zake ukisikiliza kwa vidole: je, zinakwama, zinasaga kama zilizoingia mchanga? Tazama pia pete ya chuma inayoiunganisha lenzi na kamera. Ikiwa imepinda hata kidogo, lenzi itakaa upande.

Hapo ndipo unaporudisha betri. Piga picha ya ukuta mweupe kwa kasi mbalimbali, kuanzia sekunde 1 hadi sehemu 1 ya 1,000 ya sekunde. Mstari wa giza ukijitokeza, pazia la ndani halifunguki sawasawa. Badilisha na upana wa kitundu cha lenzi. Mwanga wa picha usipolingana na ulichokitaka, vipande vinavyokifunga kitundu hicho huenda vimekwama.

Jaribio ambalo lingeniokoa mimi halihitaji chochote ila gazeti. Libandike ukutani likiwa limenyooka, weka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu ikilielekea sawasawa, fungua kitundu cha lenzi hadi mwisho, upige. Linganisha herufi za pembe nne. Pembe moja ikififia, usimhukumu mtu bado: huenda ni wewe uliyeweka kamera upande. Igeuze kamera juu chini, upige tena. Ukungu ukibaki pale pale gazetini, kosa ni la mpangilio wako. Ukihamia upande wa pili wa gazeti, umehama pamoja na kamera. Kisha tia lenzi hiyo katika kamera nyingine, ikiwezekana, ujue mgonjwa ni yupi kati ya hao wawili. Mambo haya yote huchukua nusu saa. Mimi nilikuwa na siku nzima.

Jambo moja alilikataza kwa ukali: kuifungua kamera kwa bisibisi. Kapasita ya flashi yaweza kuwa na umeme wa volti zipatazo 300 hata betri ikiwa imetolewa. Nawataja hasa wanafunzi wa sayansi, ambao kila nikiwaona na bisibisi moyo hunidunda.

Ningalirudi Lamu wiki iliyofuata. Sikurudi. Nilijiambia kwamba nina mitihani ya kusahihisha, kwamba nauli ni ghali, almuradi visingizio havikunipungukia. Ukweli ni kwamba niliona haya kumwambia Bibi kwamba kile kilichokuwa “kizima” hakikuwa kizima. Nilirudi Julai 2019, na lenzi nyingine.

“Bibi,” nikamwambia baada ya salamu, “siku ile niliiangusha kamera mwenyewe, na nikakudanganya kwamba ni nzima.”

“Nilijua, mwanangu,” akasema. “Kitu kisicho na miguu hakiteremki ngazi peke yake. Nilikuwa nikingoja uje kuniambia. Shika ufunguo.”

Tulilifungua sanduku. Mvua za masika zilikuwa zimepenya kwenye dari, na maji yameingia katika pembe moja. Karibu kitabu chote kilikuwa salama, nami nikazipiga kurasa zake upya, baada ya kulijaribu gazeti ukutani mara mbili huku wajukuu wa Bibi wakicheka. Lakini majani mawili ya mwisho yalikuwa yamegandana, na nilipoijaribu ncha yake karatasi ilianza kuchanika, nikaacha.

Kurasa hizo ninazo katika picha za mwaka 2018 tu. Nyingi ya mishororo yake nimeweza kuikisia kwa vina na mizani. Kuna ubeti mmoja, hata hivyo, ambao neno lake la kwanza laweza kuwa “nia” na laweza kuwa “tia”. Tofauti ni nukta moja, na kwa mizani yote mawili yanaingia. Wenzangu wawili nimewaonyesha. Kila mmoja amesoma lake. Katika nakala yangu nimeyaandika yote mawili, na alama ya kuuliza baina yake.