Kulika, kuchakaa na kushika kutu

Mfasiri wa miongozo ya mashine asiyachanganye maneno haya. Nondo za madirisha ya Mji Mkongwe hushika kutu kwa hewa ya chumvi. Nguo huchakaa kwa kuvaliwa miaka mingi. Ncha ya keekee ya umeme itoboayo kuta za mawe ya matumbawe hulika kwa msuguano. Kutu huzuiwa kwa rangi. Kulika huzuiwa kwa ugumu. Kwa hiyo ncha hiyo hufanywa kwa chembe za kabidi ya tungsteni, ambayo ni aina ya kauri, zikishikanishwa kwa metali ya kobalti ili zisimeguke. Visu vya kukatia miwa viwandani, vinavyoliwa na mchanga, navyo huvikwa tabaka gumu. Andika «kinga dhidi ya kulika». Ukiandika «kutu», fundi atapaka rangi, na kisu kitaisha.