Hamsini na hamsini

Siku moja, katika darasa la sita, mwalimu aliweka mezani vioo viwili virefu vya kupimia. Katika cha kwanza alitia maji, mililitri 50. Katika cha pili alitia alkoli kali ya dispensari, ambayo haijachanganywa na maji, mililitri 50 vilevile. Akachukua na kioo cha tatu, kikubwa zaidi, kikavu, chenye kizibo. Akaviweka vyote pamoja juu ya mizani, akaandika uzito wake ubaoni.

Kisha akauliza: «Hamsini na hamsini ni ngapi?»

Wote wakajibu: «Mia!»

Mwalimu akamwita mtoto mmoja, akamwagiza kumimina maji na alkoli ndani ya kioo cha tatu. Mtoto akamimina polepole, akangoja hata matone ya mwisho. Mwalimu akakifunga kioo kwa kizibo, akakitikisa. Mtoto akakigusa, akashangaa: kumbe, kimepata moto kidogo! Wakangoja kipoe, kwa sababu kitu chenye moto hutanuka na kudanganya kipimo.

Kilipopoa, wakatazama alama. Haikuwa 100. Ilikuwa 97 hivi.

«Amemwaga!» akasema mmoja. «Ameinywa!» akasema mwingine, na darasa zima likacheka. Yule mtoto akainama, machozi machoni.

Mwalimu akasema: «Tuulize mizani.» Akaviweka tena vioo vyote vitatu na kizibo. Uzito ulikuwa uleule ulioandikwa ubaoni. Wote wakanyamaza. Hakuna kilichomwagika, hakuna kilichoibwa. Kilichopungua si maji wala alkoli. Ni nafasi tu.

Inawezekanaje? Maji tunayaona kama kitu kimoja kisicho na tundu. Lakini maji, na alkoli pia, ni chembe ndogo mno zisizohesabika. Chembe hizo zinaitwa molekuli. Kati ya molekuli kuna nafasi ndogo, na ndani ya nafasi hiyo hamna kitu, hata hewa hamna.

Chukua kikombe kimoja cha maharagi na kikombe kimoja cha mchanga laini, uvichanganye. Hutapata vikombe viwili kamili, kwa maana mchanga unaingia kati ya maharagi. Ndivyo ilivyo karibu na maji na alkoli. Lakini mfano huu haufiki mwisho. Maharagi na mchanga havivutani. Molekuli za maji na za alkoli zinavutana, zinajipanga upya, zinasogeleana kuliko kwanza. Ndiyo sababu kioo kilipata moto.

Wataalamu walilichunguza sana jambo hili. Mmoja wao ni Dmitri Mendeleev, wa nchi ya Urusi. Mwaka 1865 alitoa maandiko yake ya udaktari juu ya kuchanganya alkoli na maji.

Elimu hii ina faida. Mtu akitaka mililitri 100 za alkoli ya kusafishia ngozi, yenye sehemu 70 za alkoli katika 100, asipime maji 30 peke yake. Atie alkoli safi 70, kisha aongeze maji mpaka alama ya 100, na mchanganyiko ukipoa aujaze tena mpaka alama ileile. Asiyejua hayo ataona chupa imepungua, naye atauliza: «Nani ameiba?» Hivyo mtumishi mwaminifu anaweza kupoteza kazi yake na jina lake jema.

Amri ya nane inatukataza kumsingizia mwenzetu. Macho yanaona upesi, na ulimi unasema upesi zaidi. Mwenye akili hupima kwanza.

Wale wawili waliosema walimwomba mwenzao msamaha mbele ya darasa. Naye akarudi mahali pake, kichwa juu.

Maswali
1. Kwa nini mwalimu alipima uzito mara mbili?
2. Kwa nini walingoja kioo kipoe?
3. Mfano wa maharagi na mchanga unafaa wapi, na haufai wapi?