Laini Mbili, Mnara Mmoja

Sogeeni karibu, vijana, maana hadithi hii inaanzia Luofu, kusini mwa teritwari ya Lubero, mashariki mwa Congo, ambako milima ni mingi na minara ya simu ni ya kuhesabu.

Tuseme ni siku ya soko. Mama mwenye kabine ya kutumisha pesa ameketi chini ya mwavuli wake, na mezani kuna simu tatu: ya M-Pesa, ya Airtel Money na ya Orange Money. Mzee mmoja amekuja kupokea hela ambazo mwanawe aliye Butembo anataka kumtumia. Mama anachukua simu ya kwanza, anaitazama, anaiinua juu ya kichwa, anairudisha mezani.

"Papa, rezo haiko huku. Umuambie atumishe kwa ile ingine."

Baada ya dakika chache mzee anahesabu noti zake. Mama huyu hajasomea uhandisi, lakini anachokifanya kwa mikono yake ndicho ambacho benki na makampuni hulipia pesa nyingi: haiachii njia moja ishike kazi yake yote.

Sasa twende Butembo mjini. Wafanyabiashara wake wanajulikana mbali. Huagiza bidhaa Dubai na Guangzhou, na siku hizi picha za mali, bei na risiti hupita kwenye intaneti. Ofisi ya mfanyabiashara wa namna hiyo ikipotewa na rezo nusu siku, kontena linaweza kubaki bandarini likingoja karatasi moja. Kwa hiyo mwenye ofisi ananunua laini mbili za intaneti na kuzichomeka kwenye ruta moja yenye matundu mawili.

Ruta inajuaje kwamba laini imekufa? Inauliza. Kila baada ya sekunde chache inatuma swali fupi kwa kompyuta ya mbali, na kungoja jibu. Maswali kadhaa yakipita kimya, ruta inaihesabu laini ile kuwa imekufa, inawahamishia watu wote kwenye ya pili, kisha inaendelea kuijaribu ya kwanza hadi izinduke. Kuhama huko kuna gharama yake. Kila laini ina anwani yake ya intaneti, basi aliyekuwa ndani ya ukurasa wa benki anaweza kutolewa nje na kuombwa neno la siri upya, kwa sababu benki inaona kama mtu mwingine amebisha hodi.

Lakini kwa nini laini ya pili ikae bure ikingoja msiba? Ruta inaweza kuzitumia zote mbili kwa pamoja, na hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Tuseme kila laini inapitisha megabiti 4 kwa sekunde, nawe unataka kutuma video ya megabaiti 40. Megabaiti 40 ni megabiti 320, kwa hiyo utangoja sekunde 80. Ukiongeza laini ya pili, utangoja zile zile 80! Ruta ya kawaida huiweka safari moja kwenye laini moja. Faida utaiona pale dada yako aliye meza ya pili anapotuma video yake kwa wakati ule ule bila kukupunguzia kasi.

Ili video moja ipite kwenye laini zote mbili na kufika kwa sekunde 40, inahitajika kompyuta ya pili upande wa mbali, ya kukodi. Faili lolote kwenye intaneti husafiri likiwa limekatwakatwa. Video yako ni zaidi ya vipande 26,000, kila kimoja na namba yake. Ruta inavigawa huku, na ile kompyuta ya mbali inavipanga tena kwa namba. Tatizo huja laini moja inapokuwa ya setilaiti ya zamani, ile iliyo juu kilomita 35,786. Swali kupanda na kushuka, na jibu kupanda na kushuka, ni karibu nusu sekunde hata kwa kasi ya mwanga. Vipande vya laini ya haraka vitakaa vikingoja vya juu. Setilaiti za Starlink, ambayo Congo iliipa leseni Mei 2025 baada ya kuikataza mwaka uliotangulia, huzunguka chini zaidi, kwenye kilomita mia chache tu, ndiyo maana mngojo wake ni mfupi zaidi.

Sasa sikilizeni lile linalonisumbua mimi. Bidhaa za Butembo zilikuwa zikija kutoka Goma kwa kupitia Kanyabayonga, au kutoka Uganda kwa kupitia Kasindi na Beni. Vita vya waasi wa M23 vilipoikata barabara ya Goma, ile ya Kasindi ikabaki, ingawa juu yake nako damu nyingi imemwagika. Mtu mwenye malori mawili yanayopita Kanyabayonga yote hana njia mbili. Ana malori mawili tu.

Laini nazo ziko hivyo. Makampuni mawili yanaweza kufunga antena zao kwenye mnara mmoja wa kukodi, na mnara wa kijijini mara nyingi hutegemea jenereta. Lori la mazuti lisipofika, majina yote mawili yanazimika saa ile ile.

Hata bahari ilitufundisha. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za intaneti za makampuni tofauti, SEACOM na EASSy, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Tanzania iliumia vibaya. Kenya pia ilipunguziwa kasi, lakini ilikuwa na nyaya zinazokwenda kaskazini, kama TEAMS kutoka Mombasa hadi Fujairah.

Na ipo njia ya pamoja isiyoonekana kwa macho, nayo ni amri. Siku moja baada ya uchaguzi wa 30 Desemba 2018, serikali ya Congo iliagiza intaneti ifungwe, ikakaa hivyo kwa takriban wiki tatu. Mwenye laini za makampuni matatu alizipoteza zote. Huko Goma, waliokaa karibu na mpaka walitumia laini za Rwanda, kwa sababu hizo hazikuwa chini ya amri ile.

Basi ukiwa na ofisi, au ukimsaidia shangazi yako kwenye yake, usiulize bei kwanza. Uliza laini hii inapita mnara gani, na kutoka hapo inaenda Uganda au Goma au angani. Kisha, siku wateja wakiwa wachache, chomoa waya wa laini ya kwanza kwa mkono wako na uhesabu sekunde hadi ya pili ishike. Ikishika, urudishe waya, halafu uzime umeme wa nyumba nzima. Laini zote mbili zinaingia kwenye ruta moja, na ruta bila betri nayo inazimika.