Mizani Husikika Kabla ya Kuhesabiwa

Jioni moja hapa Kehancha, nikisahihisha tungo za wanafunzi wangu, nilikuta ubeti uliofutwafutwa hata karatasi ikatoboka. Chini yake mtunzi alikuwa ameandika kwamba ushairi si kazi ya Wakuria, ni ya watu wa pwani.

Nilimwita. Hitilafu ilikuwa moja tu: neno "mbu" alilihesabu kuwa mizani moja. Nikamwambia alitamke polepole. "M-bu," akasema. Kisha "mbuzi". "Mbu-zi." Akacheka. Kwa jicho, maneno hayo yanatofautiana urefu; kwa sikio, kila moja lina mizani mbili.

Kosa, nionavyo mimi, si la mwanafunzi yule. Ni letu sisi walimu, tuliomfundisha kuhesabu kabla ya kusikiliza. Tena asubuhi husomeshwa ushairi wa Kiingereza na alasiri wa Kiswahili, wala hapana amwelezaye kwamba vipimo hivyo viwili havipimi kitu kimoja.

Mshororo uliozoeleka katika tamthilia za Shakespeare una silabi 10, lakini uhai wake umo katika mkazo: silabi dhaifu hufuatwa na nzito, mara tano. Kiingereza chaliweza hilo kwa kuwa mkazo wake huhama kutoka neno hadi neno. Katika Kiswahili mkazo hukaa, isipokuwa kwa nadra, kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ndiyo maana malenga wetu walishika idadi: katika tarbia iliyozoeleka, mizani 16 kwa mshororo, nane ukwapi na nane utao, zikafungwa kwa vina. Sheria alizochapisha Kaluta Amri Abedi mwaka 1954 zilieleza yale ambayo masikio ya waimbaji yalikwisha kuyazoea.

Hata anayeacha vina hawezi kuacha sikio. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, ng'ambo ya mpaka wetu, aliitafsiri tamthilia ya Julius Caesar kwa mishororo isiyo na vina, ikachapishwa mwaka 1963. Butiama nayo haiko pwani.

Iritungu ikipigwa, hakuna Mkuria anayehesabu mapigo ndipo acheze, miguu yajua. Basi, walimu wenzangu, shairi na lisomwe kwa sauti, liimbwe ikiwezekana, kabla ya chaki kugusa ubao. Vidole vitahesabu baadaye.