Kesi ya malezi ya mtoto: andaa taarifa yako ya M-PESA kabla ya kumwona wakili

Unafanya kazi Nairobi au Mombasa, mtoto anaishi kwa nyanya yake Mutomo au Wote, na kila mwezi unatuma pesa. Sasa wewe na mzazi mwenzako mnaenda kortini kuamua nani atakaa na mtoto. Wakili anauliza: umekuwa ukimtunza vipi? Ukianza kutafuta meseji za miaka mitatu kwa simu mbele yake, unapoteza muda ambao pengine unaulipia.

Anza na taarifa kamili ya M-PESA. Piga *334# au tumia apu, chagua kipindi, nayo itatumwa kwa baruapepe yako ikiwa PDF iliyofungwa. Nambari ya kuifungua hutumwa kwa SMS. Ihifadhi jinsi ilivyo, usiikate wala kuirekebisha. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, hutaka ushahidi wa kielektroniki uandamane na cheti, wakili atakuelekeza.

Lakini taarifa hiyo ina pengo. Inaonyesha pesa zilienda kwa nani, haisemi zilikuwa za nini. Karo uliyolipa kwa Paybill inajieleza. Elfu tatu ulizotoa kwa ajenti pale Mwingi ukampa nyanya mkononi zinaonekana tu kama pesa ulizotoa. Na kama nyanya anatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la jirani (mambo ya kawaida haya), litakalotokea ni jina la jirani. Basi chukua daftari, uandike tarehe, kiasi, nambari ya muamala na kazi ya pesa: sare, dawa, unga. Usichokumbuka, acha wazi. Usibuni.

Ongeza cheti cha kuzaliwa, risiti za shule, kadi ya kliniki, na makubaliano yoyote mliyoandikiana kwa chifu au afisa wa watoto.

Wengi hawapendi kusikia hili: risiti hazinunui mtoto. Katiba, kifungu cha 53, inawapa baba na mama wajibu sawa, wawe wameoana au la, na Sheria ya Watoto ya 2022 inataka korti itangulize maslahi ya mtoto. Kwa hivyo andika pia nani humpeleka kliniki na nani huitwa shuleni, hata kama si wewe.

Wakili hahitaji PIN yako. Wala usichukue simu ya mwenzako kutoa taarifa yake kisiri. Ikihitajika, wakili ataiomba kupitia korti.