Dawa ya Konokono Bwawani: Hasara Huanzia kwa Samaki

Wafugaji wa samaki wa Rugu na maeneo ya jirani wanashauriwa kupiga hesabu kabla ya kununua dawa ya kuua konokono. Ni kweli kwamba baadhi ya konokono wa maji baridi hueneza kichocho, hivyo nia ya kuwaondoa ni njema. Tatizo liko kwenye dawa yenyewe.

Viumbe wenye magamba hawafi kirahisi kwa sumu. Baharini, kome na chaza wakiionja klorini hujifunga na kukaa hivyo siku kadhaa. Ndiyo maana mitambo ya umeme inayopozwa kwa maji ya bahari hulazimika kutia klorini mfululizo. Ikitiwa kwa vipindi, kome husubiri ipite, kisha hufunguka na kuendelea kula.

Konokono wa kichocho hana kifuniko cha kujifungia. Yeye hupanda majani hadi nje ya maji, au hujificha topeni, na dawa ikiisha nguvu hurudi. Mrututu, ambao wakulima wa kahawa wanaufahamu, hunaswa na tope na kupoteza makali mapema.

Dawa inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni niklosamaidi. Kipimo chake hufikia gramu 1 kwa kila mita moja ya ujazo, kwa saa 8. Bwawa la mita 20 kwa 10, lenye kina cha mita 1, huhitaji gramu 200 za dawa halisi. Kipimo hicho huua samaki pia. Aliyelisha perege miezi 6 hupoteza mavuno yote kwa siku moja. Akipunguza dawa ili kuwaokoa, konokono hubaki.

Zanzibar ilijaribu dawa hiyo katika madimbwi na vijito kwenye mradi wa kutokomeza kichocho uliokamilika mwaka 2017. Matokeo hayakuwa bora sana kuliko ya shehia zilizopewa vidonge tu.

Kwa mfugaji, njia nafuu ni kufyeka majani kingoni na, baada ya kuvuna, kukausha bwawa na kumwaga chokaa topeni. Anayelazimika kutumia dawa amwone kwanza ofisa uvuvi, asubiri samaki watoke, na asiruhusu maji hayo kuingia mtoni. Mwenye dalili za kichocho aende zahanati.