Bana kwenye yai, usibane kwenye lenzi

Ute wa yai moja la kuku ni kama mililita 30. Ukiukoroga kwenye maji ya baridi mpaka ufike mililita 300, umepata protini ya wanafunzi 150, kila mmoja mililita mbili. Albumini ya unga ya duka la maabara hufanya kazi hiyohiyo kwa bei ya mayai mengi. Maziwa nayo yanafaa, ila weupe wake huifubaza rangi. Supu ya maharage mekundu usijaribu, itakudanganya.

Kipimo chenyewe ni biureti: soda kostiki ya asilimia 10, kisha matone machache ya mrututu wa asilimia 1, na protini ikiwepo zambarau hutokea. Iliyokwisha kuchanganywa inauzwa, na haisumbui, lakini sehemu kubwa ya chupa unalipia maji. Gramu 100 za mrututu hutoa lita 10, na fuwele zake hukaa miaka. Soda kostiki ndiyo haitunziki; hufyonza unyevu na hewa ya ukaa, ikashikana kama jiwe. Nunua kopo dogo, na fedha ya miwani ya kukinga macho usiiguse. Dawa ya shaba ya kupulizia kahawa isikuvutie kwa unafuu wake: nyingi ni oksikloridi, haiyeyuki majini.

Kwa seli, nenda sokoni ukachague kitunguu maji chekundu. Ngozi ya nje ya gamba lake ina utomvu wa zambarau, kwa hiyo seli huonekana kama matofali bila kutiwa rangi yoyote. Dondoshea maji ya chumvi pembeni, subiri dakika chache: ile zambarau inajikunyata ndani ya kila tofali. Darasa zima hunyamaza hapo. Iodini ya duka la dawa utaihitaji ukitaka kuonyesha kiini.

Sasa hadubini. Mwaka mmoja niliagiza tatu za bei poa. Picha ilikuwa safi katikati, pembeni ukungu mtupu, na skrubu ya kulenga iliteremka yenyewe kabla mwanafunzi hajainama. Mbili ziko kabatini hadi leo. Lenzi za kioo za 4, 10 na 40 zinatosha sekondari; ile ya 100 inayotaka mafuta utailipia bure. Kama umeme wenu ni wa kubahatisha, chukua yenye kioo cha kuakisi mwanga wa dirishani.

Foldscope, hadubini ya karatasi iliyobuniwa na Manu Prakash na wenzake Chuo Kikuu cha Stanford, hukuza mara 140 hivi na ni rahisi mno. Klabu ya sayansi itaifurahia. Darasani tabu yake ni pale mwanafunzi anapopaza sauti "Mwalimu, nimeiona!" Mpaka akukabidhi, picha imeshahama, na hujui kama aliona seli au povu la hewa.